Shirika kabla ya mashirika

Hapa Nyarugusu neno "shirika" linatuchanganya. Ukimwuliza mama aliyefika juzi kutoka Fizi, "Mama, shirika lako ni lipi?", anaweza kukutajia jina la mtakatifu, na mfanyakazi mwenye fomu akabaki ameshika kalamu hajui aandike nini. Kwake yeye shirika ni wale wenye magari meupe na vizibao vyenye nembo. Kwa Mkatoliki wa Uvira, Baraka au Bukavu, shirika ni nyumba kumi au ishirini zinazokutana mara moja kwa juma, kusoma Injili na kusali, halafu kuulizana: nani mgonjwa, nani amefiwa, nani leo hajala. Watanzania wanaita jumuiya ndogo ndogo. Wenzetu Warundi wana sahwanya. Majina tofauti, kazi karibu ile ile.

Mimi ni mhamasishaji wa vijana, nimezaliwa hapa hapa kambini. Kwenye semina za uongozi mkufunzi huandika kwenye karatasi kubwa: "UONGOZI SHIRIKISHI". Vijana wanaandika kwenye madaftari kama kitu kipya kilichoshuka jana kutoka Geneva. Mimi nakaa nyuma nawaza kwamba nyanya zao wamefanya kitu hicho zaidi ya miaka hamsini bila karatasi kubwa na bila soda ya mapumziko. Sisemi semina ni mbaya. Nasema tu kwamba kijana anayeamini kila kitu kizuri kimeletwa na gari, siku gari lisipokuja atakaa anasubiri. Na magari, kama sote tunavyoona, yanapungua.

Basi tuanzie ziwani.

Mapadri Weupe walifika Ujiji mwaka 1879. Wakavuka upande wa Kongo, wakajenga Mulweba katika nchi ya Masanze mwaka 1880, halafu Kibanga mwaka 1883. Mwaka 1885 Wabelgiji wakawaachia vituo vyao viwili, Karema upande huu wa ziwa na Mpala upande wa pili. Walikuwa watu wachache na homa iliwamaliza upesi. Kardinali Lavigerie, mkubwa wao, alikuwa ameweka sheria ngumu: mtu asibatizwe kabla ya kufundishwa miaka 4. Piga hesabu mwenyewe. Mapadri watatu au wanne kwenye kituo, vijiji vilivyo mbali mwendo wa siku mbili, na kila anayetaka ubatizo afundishwe miaka minne. Haiwezekani! Ndiyo maana akapatikana mtu ambaye mpaka leo kwetu anaitwa mwalimu, yaani katekista.

Mwalimu ndiye aliyekaa kijijini. Padri alipita, labda mara chache kwa mwaka, akaungamisha, akatoa komunio, akaenda zake. Aliyebaki kufundisha sala, kuongoza Jumapili, kuzika, kusuluhisha mume na mke, kuandika majina kwenye daftari, ni mwalimu. Wengine wa mwanzo walikuwa watoto waliokombolewa utumwani na kulelewa misioni. Maarufu kuliko wote ni Adriani Atiman wa Karema: alizaliwa Afrika Magharibi, akauzwa utumwani akiwa mtoto, akanunuliwa na mapadri, akasomeshwa udaktari Malta, akatibu watu na kufundisha dini Karema mpaka alipofariki mwaka 1956. Mtu mmoja, daktari na katekista. Sisi leo tungemtafutia mashirika mawili na bajeti mbili.

Padri wa kwanza Mkongo wa nyakati hizi, Stefano Kaoze, mtu wa upande wetu huu wa Tanganyika, alipewa upadri mwaka 1917. Toka Mulweba hadi hapo ni miaka 37. Kwa miaka yote hiyo kila padri alikuwa mgeni, na Ukristo wa vijijini ulibebwa na wenyeji wasio na cheo kikubwa, wenye malipo madogo sana.

Lakini nisiwapambe kupita kiasi. Mwalimu wa zamani hakuwa mwenyekiti wa kuchaguliwa. Aliteuliwa na padri, aliondolewa na padri, na kijijini wengi waliishi kama machifu wadogo. Wazee wetu wanasimulia habari za fimbo. Huo haukuwa utume wa pamoja bado. Ulikuwa ni utume wa mtu mmoja chini ya mtu mwingine mmoja. Tofauti hii ni kubwa, na ndiyo naitaka msomaji aishike, maana kuna makanisa hapa kambini yanasema "tunashirikiana" wakati kwa kweli ni mwalimu na fimbo yake, ila siku hizi fimbo inaitwa kipaza sauti.

Uhuru ulipokuja mwaka 1960 kila mtu aliona kwamba mambo hayawezi kubaki vile. Mwaka 1961 maaskofu wa Kongo, wengi wao wakiwa bado wazungu, walikutana wakaamua kwamba msingi wa Kanisa usiwe tena misioni kubwa yenye matofali mekundu, bali jumuiya hai za Wakristo, watu wanaojuana majina. Nimesoma kwamba Kongo ilikuwa kati ya nchi za kwanza Afrika kuchukua njia hiyo. Mwaka 1962 dayosisi ya Uvira ikazaliwa, askofu wake wa kwanza Danilo Catarzi, Mwitaliano wa shirika la Wasaveri (hilo nalo ni shirika, maana ya tatu sasa!). Wasaveri walikuwa wageni kabisa, walifika Kongo mwaka 1958 tu. Maazimio yalikuwa mazuri kwenye karatasi. Vijijini watu waliendelea kumsubiri padri.

Kilichobadilisha mambo ni vita.

Mwezi Mei 1964 waasi wa Simba waliteka Uvira. Fizi na Baraka zikawa mikononi mwao. Mapadri walibaki. Tarehe 28 Novemba 1964, siku chache baada ya wanajeshi wa Kibelgiji kushuka kwa ndege Stanleyville, gari la waasi lilisimama mbele ya misioni ya Baraka. Bruda Vittorio Faccin alipigwa risasi. Padri Luigi Carrara alikuwa kanisani anaungamisha watu. Alitoka, akaambiwa apande gari, akakataa kumwacha mwenzake, wakamwua hapo hapo. Jioni gari likapanda mpaka Fizi. Huko wakawaua Padri Giovanni Didonè na Padri Albert Joubert, ambaye baba yake alikuwa Mfaransa na mama yake Mkongo, mzaliwa wa upande wa Moba. Siku moja, parokia mbili, wachungaji wanne.

Tarehe 18 Agosti 2024 hao wanne walitangazwa wenye heri mjini Uvira, na Kardinali Fridolin Ambongo ndiye aliyeongoza misa kwa niaba ya Papa. Hapa kambini tulifuatilia kwenye simu, wenye bando wakawazunguka wasio na bando. Kulikuwa na furaha ya kweli. Mama mmoja jirani yetu, mzaliwa wa Baraka, alilia kuona kwenye kioo kidogo mji ambao hajaukanyaga toka 1996.

Baada ya hapo vijana waliniuliza swali zuri. Walisema: sawa, mapadri walikufa tarehe 28. Jumapili iliyofuata nani aliongoza ibada?

Swali hilo ndilo lililonifanya nianze kuzunguka zoni kwa zoni kuongea na wazee. Walio hai na wanaokumbuka 1964 wamebaki wachache mno, na wengi walikuwa watoto. Baba mmoja wa Kibembe, ambaye mzazi wake alikuwa mwalimu katika vilima vya Fizi, alinisimulia vizuri kuliko wote. Anasema walikimbilia porini. Mwalimu alichukua vitu vitatu tu: kitabu cha sala, daftari la ubatizo na mkebe wa kulifungia daftari lisiloe. Jumapili hawakupiga kengele. Walisali kwa sauti ya chini, wanaume wawili wakilinda njia. Hapakuwa na misa wala komunio. Mtoto akizaliwa dhaifu mwalimu alimbatiza kwa maji, maana sheria ya Kanisa inaruhusu mtu yeyote kubatiza kwenye hatari. Wawili wakitaka kuoana walikubaliana mbele ya mashahidi wawili, jina likaandikwa, padri aje abariki akipatikana. Kwa wengine alipatikana baada ya miaka mingi, wakiwa na watoto watano.

Na hapa mzee aliongeza kitu ambacho sikukitegemea. Alisema mwalimu peke yake angekufa kwa uchovu. Watu walikuwa wametawanyika makundi makundi, huku nyumba sita, kule nyumba nane, na kutembea kutoka kundi hadi kundi ilikuwa hatari. Kwa hiyo kila kundi likapata mtu wake wa kusalisha, mtu wake wa kugawa chakula, mtu wake wa kujua wagonjwa. Hakuna aliyewateua. "Tuliona tu nani anasikilizwa," alisema. Ukisikia hivyo, halafu ukasoma maazimio ya maaskofu ya 1961, unaona kitu kile kile, ila kimoja kiliandikwa mezani na kingine kilizaliwa kwa kukimbia risasi. Sisemi vita ni mwalimu mzuri, Mungu apishe mbali. Nasema watu wa vilimani hawakungoja maelekezo.

Vita ya Simba haikuisha mara moja kwetu. Mwaka 1965 Che Guevara alipita Kigoma, akavuka ziwa, akakaa miezi karibu saba upande wa Kibamba, akaondoka amekata tamaa. Jeshi la serikali likarudisha Baraka na Fizi, lakini watu wa Laurent Kabila waliendelea kushikilia vilima vya Hewa Bora kwa miaka mingi. Vijiji vya huko viliishi kati ya pande mbili, na padri hakuweza kwenda na kurudi anavyotaka.

Mapadri waliporudi chini kwenye parokia, mambo yalikuwaje? Wazee wanatofautiana. Kuna waliofurahi kabisa. Kuna wanaokumbuka kwamba waliosalisha kipindi cha hatari waliambiwa asante, sasa kaa chini. Naamini yote mawili ni kweli. Mtu aliyezoea kuongoza harudi kuwa msikilizaji kirahisi, na padri aliyesoma seminari miaka mingi naye haoni vizuri kufundishwa na mkulima. Ugomvi huu mdogo mdogo hauandikwi kwenye vitabu vya historia, lakini ndio historia yenyewe ya shirika. Mashirika yalipoanza kupangwa rasmi katika miaka ya 1970, kwa sehemu ilikuwa ni kuwapa nafasi halali watu ambao tayari walikuwa wanafanya kazi.

Msukumo mwingine ulitoka kwa mtu ambaye hakukusudia kulisaidia Kanisa hata kidogo: Mobutu. Mwaka 1972 alikataza majina ya Kikristo, ndiyo maana wazee wetu wengi wana majina ya kikabila kwenye kitambulisho na Petro au Maria nyumbani. Kardinali Malula wa Kinshasa alipopinga tawi la vijana la chama kuingizwa seminarini, ilibidi aishi Roma miezi kadhaa. Vyama vya vijana vya kanisa vilifutwa, vijana wote wawe wa chama. Mwishoni mwa 1974 serikali ikachukua shule zote za makanisa, na somo la dini likaondolewa darasani. Shule zilirudishwa mwaka 1977, zikiwa zimechoka, madawati yameisha. Lakini katika miaka hiyo watoto walifundishwa dini wapi? Nyumbani, kwenye shirika, na mama wa jirani. Chama kilikuwa na macho kwenye shule na kwenye uwanja wa mpira. Kuweka jicho kwenye kila ukumbi wa nyumba ni kazi kubwa zaidi.

Malula aliporudi alienda mbali kuliko maaskofu wengi. Katikati ya miaka ya 1970 alianza kuwakabidhi walei parokia nzima nzima. Mlei huyo anaitwa mokambi, wengi wao bakambi, ni neno la Kilingala, maana yake kiongozi. Mokambi ni mtu mwenye mke na watoto na kazi yake ya kawaida. Alisomeshwa teolojia jioni, mke wake akaulizwa kama anakubali, akasimikwa mbele ya watu wote. Padri alikuja kwa ajili ya sakramenti, mokambi aliendesha parokia. Kwangu mimi jambo zito hapa ni kwamba walitayarishwa kabla ya dharura. Kinshasa ni mji mkubwa, najua, na vijijini kwetu hakuna aliyeitwa mokambi. Ila ukimweka mokambi wa Kinshasa pembeni ya mwalimu wa vilima vya Fizi, kazi ni ile ile. Mmoja alipewa barua na makofi, mwingine alipewa mkebe.

Wasomaji wa Kiprotestanti msifunge gazeti, nanyi mna sehemu yenu, tena ya ajabu. Mnajua kwamba hapa kambini tunaita makanisa kwa namba: tano CELPA, nane CEPAC. Wafanyakazi wageni hudhani ni namba za mabanda. Hapana. Wamisionari wa Kipentekoste wa Sweden na Norway walifika Kivu mwanzoni mwa miaka ya 1920, wa Sweden wakaanzia Uvira, wa Norway wakaanzia Kaziba, na kila misioni ilijitegemea. Mwaka 1970 misioni za Kiprotestanti zikaunganishwa kuwa Kanisa la Kristo katika Zaire, na sheria ya tarehe 31 Desemba 1971 ikatambua upande wa Wakristo makanisa matatu tu makubwa: Katoliki, hilo la Kristo, na la Kimbangu. Aliyebaki nje hakuwa na haki ya kusali hadharani. Kwa hiyo misioni zikawa "jumuiya" ndani ya kanisa moja, kila moja na namba yake. Namba zile ni kovu la amri ya serikali, na watu wamezizoea mpaka wanazipenda.

Mabadiliko hayo yalikuwa ya juu, ya mihuri na wawakilishi wa kisheria. Chini, shapeli za vijijini za Kipentekoste zilikuwa tayari na wazee wa kanisa, mashemasi, waimbaji na mama wa maombi, hata kabla ya sheria. Kwenye kugawana kazi walitutangulia sisi Wakatoliki. Kwenye kugawana madaraka ya mchungaji mkuu, hapo sisemi kitu, majirani zangu wote ni wa nane.

Warundi walipitia tanuri lao. Katika miaka ya 1980 serikali ya Bagaza iliyabana makanisa: wamisionari wengi wakafukuzwa, ibada za siku za kazi zikazuiwa, mikutano ya sahwanya ikapigwa marufuku. Fikiria serikali yenye jeshi inaogopa watu kumi na watano waliokaa kwenye mikeka! Bagaza alipopinduliwa mwaka 1987 mikutano ikarudi. Na Tanzania, nchi inayotuhifadhi, njia ilikuwa tulivu zaidi. Maaskofu wa Afrika Mashariki walikutana Nairobi mwaka 1973, wakarudi tena mwaka 1976, wakaamua jumuiya ndogo ndogo ziwe ndiyo mpango wa kazi yao. Ilikuwa wakati wa vijiji vya ujamaa, na Askofu Christopher Mwoleka wa Rulenge alihamia kuishi katika kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga, analima kama wenzake. Kwa hiyo Mkongo, Mrundi na Mtanzania wakikutana kwenye ibada moja hapa Kasulu, kila mmoja anakuja na mazoea yake ya kukaa duara, na wanaelewana haraka kuliko kwenye mambo ya kuni.

Halafu 1996. Tarehe 29 Oktoba Askofu Mkuu Munzihirwa aliuawa Bukavu, barabarani. Watu walikuwa tayari wanakimbia. Boti zilivuka kuelekea Kigoma, na mwisho wa mwaka huo Nyarugusu ikafunguliwa. Wazazi wangu walikuwa kati yao. Wanasema walipofika walipewa turubai na sehemu ya kulala bila kuangalia nani alitoka kijiji gani. Wiki chache tu baadaye watu walikuwa wameshatafutana. "Nani hapa ni wa Baraka? Nani alikuwa anasalisha?" Mashirika yakaanza chini ya turubai kabla ya kanisa la udongo kujengwa, kabla ya kamati za maji, kabla ya viongozi wa vijiji vya kambi kuchaguliwa. Na wengi wa viongozi wale wa kwanza waliochaguliwa walikuwa nani? Walimu wa dini, wazee wa kanisa, mama wa shirika. Watu waliwapigia kura kwa sababu walishawaona wakigawa kitu kidogo bila kuiba.

Hapa lazima niseme juu ya mama zetu. Katika hadithi zote nilizokusanya, mwalimu ana jina na mke wa mwalimu hana. Lakini ukiuliza nani alipika, nani alijua kwamba nyumba ya tatu hawajawasha moto siku mbili, nani alikwenda kumketisha mjane, jibu ni mama. Kwenye shirika la leo ni hivyo hivyo. Mgao ulipopunguzwa, mama wa shirika letu waliweka utaratibu wa kikombe: kila nyumba inayoweza inatoa kikombe kimoja cha unga jioni ya ibada, na unga unakwenda kwa nyumba isiyo na kitu wiki hiyo. Hakuna fomu, na hakuna anayetangaza jina la aliyepokea. Mwenyekiti ni baba, karibu kila mahali. Mwenye kujua ni mama. Nimelisema hili kwenye kikao na baba mmoja akaniambia mimi bado mtoto. Sawa. Lakini kikombe kinaendelea, na yeye hajui kinakwenda kwa nani.

Sasa shida yetu ya leo, ambayo haifanani na 1964. Hatupotezi viongozi kwa risasi. Tunawapoteza kwa safari. Miaka mingi hapa ndege ilichukua watu: Marekani, Kanada, Australia. Wanaoondoka mara nyingi ni wale waliosoma kidogo, wanaojua kuandika ripoti, wanaosalisha vizuri. Mwanakwaya anaondoka na nyimbo zake. Mwenyekiti anaitwa kwenye usaili, na kuanzia siku hiyo akili yake iko uwanjani. Halafu Januari 2025 Marekani ikasimamisha mpango wake, na waliokuwa wamekabidhi vyeo vyao, wameuza vitanda, wakabaki. Tukawa na viongozi wawili wawili: aliyekabidhi na aliyepokea, wote wapo, wote wanakaa safu ya mbele. Wapo pia wanaorudi Kongo kimya kimya, na wapo wanaofika wapya kila vita ikilipuka Kivu, wakiuliza shirika liko wapi.

Kwa mtu wa shirika kubwa, lile la magari, hali hii inaitwa ukosefu wa uendelevu, na dawa yake ni mafunzo mengine. Mimi nimeangalia mashirika manane ya zoni yetu na ya jirani. Matatu yaliyoyumba yote yalikuwa na mtu mmoja hodari aliyeshika kila kitu: funguo, daftari, simu ya padri, hata ufunguo wa ngoma. Aliposafiri, wengine hawakujua hata michango ilikuwa kiasi gani. Matano yaliyobaki imara hayana mtu hodari. Yana kijana anayeandika, mama anayeshika unga, mzee wa kusuluhisha, na msomaji anayebadilishwa kila mwezi, hata kama anasoma kwa kukwama. Mafunzo waliyopata ni yale yale, semina zile zile, mimi mwenyewe nilikuwepo.

Kwa hiyo tumekubaliana jambo moja dogo kwa upande wa vijana. Kila mwenye kazi kwenye shirika anatembea na mtu wa pili, asiye wa familia yake, na ikiwezekana mmoja awe msichana. Daftari linanakiliwa mara mbili kwa mwaka, nakala inalala nyumba nyingine. Tulipoanza, wazee wawili walikataa, wakasema daftari ni siri. Tuliwakumbusha ule mkebe. Mmoja akakubali. Mwingine bado tunaongea naye, mama zetu ndio wanaomwendea.

Jumapili ijayo tunachagua mshika michango. Majina mawili yamependekezwa mpaka sasa, dada mmoja anayeshona sokoni na kaka aliyemaliza kidato cha nne mwaka jana. Kaka ana usaili mwezi ujao.